Shati huanzia mkono mgonjwa

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nimeshona mashati tangu 1994, na vifungo nilivyopachika kwenye nguo za watu sina hata hesabu yake. Asubuhi ya kwanza niliporudi kutoka hospitali nilishindwa kufunga kimoja.

Ni kiharusi. Presha nilikuwa naijua, dawa nilikuwa nakunywa nikikumbuka. Kikanichukua upande wa kushoto, mkono na mguu. Watu wakaja kunipa pole wakisema afadhali ni kushoto, mkono wa kazi umebaki. Hawajui. Mkono wa kushoto ndio unaoshika ili wa kulia ufanye. Ukikosa wa kushika, shati linakukimbia kama kuku.

Basi mke wangu, Mama Zuhura, akawa ananivisha. Kwa mapenzi, na kwa haraka, maana saa kumi na mbili vitumbua vyake viwe vishafika barabarani. Alikuwa akiingiza kwanza mkono mzima, kisha ule mgonjwa anauvuta kwa nyuma ufuate. Baada ya wiki mbili bega la kushoto likaanza kuniuma usiku, silali. Sikumwambia. Utamwambiaje mtu anayekuvisha hadi nguo ya ndani kwamba anakuumiza?

Kwenye kliniki nilishazoea yule kijana wa mazoezi ya viungo. Siku hiyo nikapelekwa chumba cha pili, kwa binti mmoja ambaye kitambulisho chake kimeandikwa "mtoa tiba kwa vitendo". Fani hiyo, ya kumfundisha mgonjwa upya kazi zake za kila siku, inasomewa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, na mimi umri wote huu sikuwahi kuisikia. Nikangoja anipe mpira nifinye. Akaniamkia, akauliza, "Mzee wangu, asubuhi unavaa nini?"

Nikamwambia huwa navishwa na mke wangu.

"Sikuuliza na nani, baba. Nimeuliza nini."

Shati, suruali, msuli nikiwa nyumbani, kanzu siku ya Ijumaa. Akaandika yote. Halafu akaniambia nivue shati nililokuwa nalo, tulivae upya.

Alinikalisha kwenye kiti cha mbao chenye egemeo, nyayo zote mbili chini. Kitandani alikataa, godoro linabonyea, na mtu wa hali yangu huangukia upande ule ule mbovu. Shati akanilazia mapajani, ndani yake ikitazama juu, kola magotini, na mkono wa kushoto wa shati ukaachwa uning'inie katikati ya magoti. "Sasa inama, uache mkono uanguke wenyewe." Nikainama. Ule mkono, ambao kwa miezi miwili ulikuwa mzigo tu wa kubeba, ukatumbukia ndani ya shati kama ndoo kisimani. Nikavuta kitambaa kwa mkono wa kulia, kikapita kiwiko, kikapanda hadi begani. Hapo alisisitiza: kisipofika begani kabisa, huko mgongoni kutakwama. Kisha nikashika kola, nikaizungusha nyuma ya shingo, mkono mzima ukaingia wenyewe. Kuvua ni kinyume chake, mzima hutoka kwanza.

Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Kumbe nilikuwa namvunja." Binti akamjibu kwa upole kwamba wengi hufanya hivyo, bega la aliyepigwa na kiharusi limelegea, halitaki kuvutwa.

Vifungo alivifundisha kutokea mwisho. Shati langu lilikuwa na sita. Mama Zuhura afunge vitano, mimi nifunge kimoja, cha chini, ambacho jicho linakiona. Nikikiweza, yeye afunge vinne, mimi viwili. Nilidhani ni mchezo wa watoto, hadi nilipoona maana yake: kila asubuhi anayemaliza kazi ni mimi. Kile kimoja, siku ya kwanza nyumbani, kilinichukua dakika saba. Mama Zuhura alikaa juu ya mikono yake isije ikanisaidia. Nasema kweli, aliikalia. Siku hizo vitumbua vilichelewa, na wateja wakasema.

Suruali ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Mguu wa kushoto kwanza, ukiwa umepandishwa kwenye kigoda, kisha wa kulia, unavuta hadi mapajani ukiwa umekaa bado. Taabu ni ukisimama, inateremka. Dawa yake ni kuutia mkono mgonjwa mfukoni kabla hujasimama; mkono unakuwa kama msumari wa kutundikia nguo.

Lakini kuna tatizo ambalo yule binti aliliona kabla yangu. Mara nyingine nilitoka uani nimevaa mkono mmoja tu, wa kushoto wa shati unapepea mgongoni, na mimi sina habari. Si usahaulifu. Ubongo wenyewe ulikuwa haujali upande ule. Hata wali wa upande wa kushoto wa sahani nilikuwa nauacha. Akaniambia nishone alama nyekundu kwenye kila nguo, kwenye pindo la mkono wa kushoto, na nisianze kuvaa kabla sijaiona. Nikamwelekeza mwanafunzi wangu dukani akashona utepe kwenye mashati yote. Mjukuu wangu akajipa ukaguzi: "Babu, nyekundu iko wapi?"

Hapo ufundi ukaniamka. Nikaanza kuzitazama nguo zangu kama za mteja msumbufu. Kwapa za mashati tukazipanua. Kwenye zipu ya suruali nikatia pete ya funguo, kidole kipate pa kushika. Vifungo vya mbele nikaviacha vilivyo kwa nje, lakini kwa ndani tukashona utepe wa kunata, ule unaolia krrr ukiubandua; anayeniona msikitini hajui. Vifungo vya mkononi tumevishonea uzi wa lastiki, mkono unapita bila kufungua.

Msuli ndio uliotusumbua. Kukunja na kusokota kiunoni ni kazi ya mikono miwili, nilijaribu hata kuubana ukutani kwa nyonga nikachekwa. Mwishowe nikaushona pembeni kabisa, nikatia lastiki juu. Wazee wenzangu barazani wameuita sketi. Waite.

Kanzu ya Ijumaa navaa kwa dakika kumi na mbili, nimepima. Mkono mgonjwa, mkono mzima, kichwa mwisho. Naanza mapema, wala sitaki mtu chumbani.

Kitu ambacho bado sikivai mwenyewe ni saa. Ina mkanda wa ngozi, na kuupitisha kwenye kibanio kwa mkono mmoja sijaweza. Mama Zuhura akirudi kutoka kwenye vitumbua hunifunga, vidole vyake bado vinanuka iliki. Barabara ya kumi na mbili wanauza mikanda ya kuvutika, bei rahisi tu. Sijaenda.