Nilivyofufua Impreza ya 1995 chini ya mwembe wa Mama

Gari nililikuta limelala nyuma ya ghala moja huko Changamwe. Miaka minne lilikuwa halijasogea. Matairi yalikuwa yamekaa kabisa, na mbuzi wa jirani walikuwa wakipanda boneti kuota jua asubuhi, kwato zao zimechora rangi hadi kwenye bati. Subaru Impreza WRX ya 1995, sedani ya milango minne, samawati iliyopauka kama kanga iliyosahauliwa kambani. Mwenyewe alikuwa ameliegesha baada ya kuchemsha maji njia ya Voi, akavutwa kwa kamba hadi hapo, halafu maisha yakamshughulisha na mengine. Aliniuzia kwa shilingi 250,000.

Gari hili nimelipenda tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka 1997 tulijazana sebuleni kwa jirani kutazama Safari Rally kwenye televisheni, Colin McRae akashinda na Impreza imejaa vumbi letu jekundu. Mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda na Impreza. Mbio zile zilikuwa zikivunja magari ya kila namna, na kwangu mimi mtoto, gari lililomaliza njia zile lilikuwa gari la kuaminiwa.

Kabla ya kutoa hata shilingi, nilifanya mambo matatu. Nilikagua nambari ya chesisi dhidi ya logibuku. Nikashika spana ya 22 kwenye puli ya krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, nikaizungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, nikasikiliza kama kuna mahali inagoma. Kisha nikafungua nati ya oili, nikakinga lita moja hivi katika beseni jeupe, nikalipeleka juani. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia. Lakini nilipoitikisa, sikuona chembe hata moja inayometa. Beringi za krenki zikianza kusagika, oili humetameta kama hina iliyotiwa pambo, na hapo ningegeuza uso nikarudi nyumbani. Gaskiti ya kichwa cha injini, kile kifuniko cha juu ya silinda, hubadilishwa. Krenki iliyokwanguka humeza bajeti yote kabla hujanunua hata plagi.

Nilitenga shilingi 300,000 za matengenezo. Si zote nilikuwa nazo mkononi; nyingi zilikuwa bado hazijaingia, zingetoka kwenye mshahara kidogo kidogo. Nikaligawa daftari sehemu tatu: vinavyoweza kuua injini, vinavyoweza kuua abiria, na vya kupendezesha macho. Sehemu ya tatu nikaibana kwa klipu nisiifungue hadi mbili za kwanza ziishe. Nimewaona vijana wengi mno wakianza na rimu na taa, halafu gari likabaki juu ya matofali miaka mitano kwa sababu pesa ya gaskiti ilienda kwenye rimu.

Gari lililetwa nyumbani kwa Mama, Mikindani, likawekwa chini ya mwembe. Mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa malori maisha yake yote kabla ya kustaafu, alikuja na kiti chake cha plastiki akakaa pembeni. Neno lake la kwanza lilikuwa kuhusu mti. Nilikuwa nimepanga kutundika winchi ya mnyororo kwenye tawi kubwa. "Mwanangu," akaniambia, "tawi halina spesifikesheni." Basi nikakodi kreni ya injini kwa siku mbili. Rejeta ikitoka, injini ya Subaru huja mbele kwa urahisi kwa kuwa ni fupi na imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto, ndiyo iitwayo boksa. Kilichotutesa ni bolti za ekzosi. Mbili zilikatika kwa kutu, shina likabaki ndani. Mjomba aliweka nati juu ya shina, akaichomelea hapo hapo, akangoja joto lipungue kidogo, kisha akaifungua kwa spana kama bolti ya kawaida. Joto la kuchomelea huwa limeshaivunja kutu.

Kila kilichotoka nilikipiga picha kwa simu, na bolti zake nikazitia kwenye kikopo cha majarini kilichoandikwa jina kwa wino usiofutika. Vikopo arubaini na moja. Mama alikuwa akivikusanya kwa majirani.

Vichwa vilipotoka ndipo nilipoelewa gari lilikufa kwa nini. Njia za maji zilikuwa zimeliwa, alumini imetobokatoboka kama mkate wa mofa, na ndani mna ukoko mweupe. Mtu alikuwa akijaza rejeta kwa maji ya kisima. Hapa Mombasa visima vingi vina maji ya chumvi, na chumvi na alumini haviishi nyumba moja. Kwanza huliwa rejeta, kisha maji hupungua kimyakimya, kisha kichwa hupata moto na kupinda. Nililaza rula ya chuma juu ya kichwa nikajaribu kupenyeza fila geji, yale mabapa membamba ya kupimia pengo. Kipimo cha kiwanda ni kwamba kichwa kisipinde zaidi ya milimita 0.05. Cha kushoto kilipitisha bapa la 0.10 bila kusukumwa.

Hapo nilitoa pesa bila kunung'unika. Vichwa vyote viwili vilikwenda kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso kwa mashine, na vali kusagwa upya, shilingi 14,000. Gaskiti za chuma zenye tabaka, za kiwanda chenyewe, shilingi 28,000, na palikuwa na seti ya 7,500 kwenye rafu hiyo hiyo. Mjomba alizishika zote mbili, akazipindua, akarudisha ya bei rahisi. "Hii utainunua mara mbili, na kazi utaifanya mara mbili." Vingine nilivitafuta kwa mitumba ya Japani: alternata, mota ya feni, sensa ya hewa. Vilikuja kwa basi kutoka Grogan, Nairobi, vimefungwa kwenye gunia. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba kitu kikiharibika nikaweza kukibadilisha barabarani kwa nusu saa, nitanunua kilichotumika. Kikiwa ndani kiasi kwamba lazima injini itoke, nitanunua kipya.

Kukaza bolti za kichwa kulinichukua mchana mzima. Bolti hizi hazikazwi mara moja ukamaliza. Unakaza kwa hatua ukifuata mpangilio wa kuanzia katikati, unalegeza zote, unakaza tena kidogo, kisha unazizungusha nyuzi 80 hadi 90, na nyingine kama hizo tena. Spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, niliazima kwa rafiki. Nilichora alama ya rangi nyeupe juu ya kila bolti ili nione kwa macho imezunguka kiasi gani.

Kisha mkanda wa taimingi, unaofanya vali zifunguke kwa wakati na pistoni, na hapa nusura niharibu kila kitu.

Kikaza mkanda cha injini hii kina oili ndani. Unakibana kwenye jiliwa kikiwa wima, taratibu mno, dakika tatu nne, hadi tundu zikutane upenyeze pini. Ukikiharakisha unakiua. Hilo nilikuwa nalijua, nikalifanya vizuri. Kamshafti nne, mihimili inayofungua vali, nikazipanga alama zao, zile mbili za kushoto nikizishika kwa uangalifu kwa sababu springi za vali huzisukuma, na zikikuponyoka vali zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Krenki nikaielekeza mshale wake juu. Mkanda ukaingia, pini ikatoka, nikajipangusa jasho.

Desturi ya Mjomba ni kuzungusha kwa mkono mizunguko miwili kabla ya kugusa starta. Nikashika spana ya 22. Kabla ya nusu mzunguko, ikagoma. Haikugoma kama kitu kizito. Iligoma kama mlango uliokutana na kidole cha mtu. Nikaacha hapo hapo. Mjomba akasema tu, "Usilazimishe. Rudi nyuma kidogo, ukalale."

Usiku ule nilikaa na kitabu cha fundi nilichochapisha mjini, kurasa mia mbili na ushei. Jibu lilikuwa kwenye mchoro mdogo. Mshale ulio usoni mwa gia ya krenki ni wa kuonyesha pistoni ya kwanza imefika juu. Alama ya mkanda ni nyingine kabisa, kijino kidogo kilicho ukingoni upande wa nyuma wa gia, karibu na sensa, ambacho huwezi kukiona ukisimama wima. Kijino kile kikielekea juu, pistoni zote nne hukaa katikati ya silinda zao, na hakuna vali inayoweza kufikiwa. Mimi nilikuwa nimeweka pistoni mbili juu kabisa, kisha nikazungushia vali zilizo wazi. Kama ningepiga starta badala ya kutumia mkono, vali zingepinda na shilingi 42,000 za vichwa na gaskiti zingekwenda na maji.

Asubuhi nililala chali na kurunzi mdomoni, nikakiona. Kidogo kama ukucha wa mtoto. Nikapanga upya. Mizunguko miwili ikapita laini, na alama zote tano zikarudi mahali pake. Mjomba alikuja akazihesabu mwenyewe moja moja kwa kidole, hakusema kitu, akaenda kumwambia Mama alete chai.

Kujaza maji nako kuna ujuzi wake. Kwa kuwa vichwa vimelala ubavuni, hewa hujificha. Niliinua pua ya gari kwa jeki na stendi, nikajaza kwanza injini kupitia mpira wa juu, ndipo nikafunga mpira na kujaza rejeta, maji yaliyosafishwa nusu na kulanti nusu. Rejeta ilikuwa mpya, na kifuniko chake kipya pia. Kifuniko ndicho kinachoshikilia presha inayozuia maji yasichemke mapema, na watu hukisahau kwa sababu ni kidogo.

Mwenye gari wa zamani alikuwa ameweka vali ya tabo (feni inayosukumia injini hewa) inayotoa hewa nje kwa mluzi, na kifaa cha kuongeza presha ya tabo hiyo. Nilivitoa vyote. Sensa ya gari hili huwa imeshapima hewa kabla haijaingia kwenye tabo, kwa hiyo ukiitupa hewa hiyo nje, kompyuta bado inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo tena. Na injini ilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya okteni 100, ya kawaida ya hapa kwetu iko chini ya hapo. Ukiongeza presha kwa petroli hafifu, pistoni ndizo zinazolipa. WRX ya kwanza ya 1992 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 240 kwa gari jepesi. Sijaona safari kati ya Mombasa na Malindi inayohitaji zaidi.

Breki zilikuja kabla ya rangi, na bushi na shokomzoba zote nne. Kutu ilikuwa kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, ambako hewa ya bahari huingia na kukaa. Nilikata hadi nikaona bati linalong'aa, fundi wa kuchomelea akaziba kwa bati jipya, mimi nikapiga msasa wikendi sita mfululizo. Nilipaka praima mwenyewe, rangi ya mwisho nikampa mwenye kompresa nzuri na chumba kisicho na vumbi. Nilipofungua ile klipu ya daftari, nembo ya mbele ndicho kitu cha kwanza nilichonunua. Subaru ni jina la Kijapani la nyota zile zile tunazoziita Kilimia. Nyota kubwa moja na ndogo tano, kumbukumbu ya kampuni tano zilizoungana mwaka 1953. Mama alipoiona alisema nyanya yake alikuwa akipandia mahindi kwa kuzitazama hizo.

Ilichukua miezi kumi na minne. Jumla ya risiti, bila bei ya kununulia, ilifika shilingi 291,400. Kilichokula zaidi ni matairi, 46,000.

Safari ya kwanza ndefu tulikwenda mimi na Mjomba, Jumapili asubuhi kabla ya malori kuamka, kupanda Mazeras kuelekea Kaloleni. Sikutazama barabara peke yake, nilikuwa nikitazama mshale wa joto. Tulipoanza kupanda tabo ikaingia, ile sauti ya boksa ya kudundadunda ikajikaza ikawa ngurumo moja, na Mjomba akashika mpini wa mlango. Mshale ulifika chini kidogo ya katikati ukabaki hapo hadi juu. Tuliegesha chini ya mkorosho, nikafungua boneti, tukasimama kuangalia kama kuna tone. Hapakuwa na tone.

Gia ya pili bado inakwaruza ikiwa ya baridi. Sinkironaiza, vipande vinavyolinganisha kasi ya gia kabla hazijaingiana, zimechakaa, na giaboksi za umri huu zinajulikana kwa hilo. Nimeshafungua ukurasa mpya, na kwa sasa naingiza ya pili taratibu hadi oili ipate joto.