Siku moja na mashine ya sukari kwenye kliniki ya ini

Saa 12:40 asubuhi. Kabla ya kupokea mgonjwa yeyote naijaribu mashine ya sukari kwa maji yake maalumu ya majaribio. Imesoma sawasawa. Naangalia tarehe ya kuisha kwa stripu, vile vijikaratasi vinavyopokea tone la damu, nafunga kopo vizuri maana unyevu huziharibu, kisha nakunywa chai yangu imeshapoa.

Saa 2:00 asubuhi. Foleni imejaa. Mimi ni muuguzi wa kisukari, na leo ni siku ya wenye kisukari ambao pia ini lao limesinyaa kwa makovu, yaani sirosisi. Baadhi ya wenzangu huiona siku nyepesi, kwa kuwa majibu ya hemoglobini A1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, huja mazuri. Mimi majibu hayo yakiwa mazuri mno ndipo ninapopata wasiwasi.

Saa 3:00 asubuhi. Mzee anaingia na karatasi mkononi, uso umemchangamka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Leo utanipa hongera tu.”

Hemoglobini A1c: 5.4%. Zamani ningempa. Kuna mama nilimpigia makofi kwa majibu kama hayo, na miezi miwili baadaye akalazwa, sukari iko 27 mmol/L. Makofi yale yananisuta mpaka leo.

Kipimo hiki husoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na kimejengwa juu ya imani kwamba chembe huishi kama siku 120. Ini likisinyaa, damu hukwama njiani, bandama huvimba na kuanza kuzimaliza chembe kabla ya siku zao. Zinazobaki ni changa, hazijakolea sukari, kama kitambaa kilichotolewa kwenye rangi mapema. Mgonjwa akiwa ametapika damu na kuongezewa ya mtu mwingine, ndiyo kabisa. Hemoglobini ya mzee, yaani wingi wa damu yake, ni 8.7, pungufu, na bandama lake linapapasika kwa mkono.

Nafungua daftari lake. Safu ya alfajiri imejaa: 5.1, 4.8, 5.3. Safu ya baada ya kula nyeupe kama ilivyotoka kiwandani. Wengi hupima asubuhi tu, na ini bovu hujificha hapo hapo: tumbo likiwa tupu sukari haina neno, chakula kikishuka ini haliwezi kuipokea, inabaki ikizunguka kwenye damu.

Alikula saa 1. Napima: 17.9. Naangalia vidole vyake.

“Mzee, ulimenya tunda pale kwenye benchi?”

Anacheka. Namwonyesha bomba. Ananawa kwa sabuni, anakausha, nachoma kidole kingine, pembeni, si katikati ya ncha. 14.2. Anaitazama mashine, halafu karatasi.

“Sasa hii karatasi ni ya nani?”

“Ni yako, mzee. Ila inasimulia habari za damu isiyokaa.”

Anauliza kama kuna kipimo kingine. Kipo, kinaitwa fruktosamini, huangalia wiki 2 hadi 3 kupitia protini za damu. Lakini protini hizo hutengenezwa na ini, na zake ziko chini, kwa hiyo nacho kingetudanganya. Nimemwandikia ratiba: kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, kwa kubadilisha milo. Dawa ataamua daktari. Metformini aliyokuwa akiitegemea haifai tena kwa ini lililofikia hatua ya tumbo kujaa maji.

Saa 5:20 asubuhi. Naitwa wodini. Mama mmoja anaongea maneno yasiyoeleweka tangu alfajiri, na kila mtu keshasema ni sumu ya ini imepanda kichwani. Namshika mkono: umelowa jasho. Mashine inasoma 2.6, sukari imeshuka mno. Alichomwa insulini jana usiku, chakula akakiacha. Ini lake halina akiba ya sukari ya kumwokoa, na kwa sababu hiyo hiyo sindano ya glukagoni, ambayo huliamuru ini litoe akiba hiyo, isingemsaidia sana. Anapewa glukosi ya mshipani. Baada ya dakika chache ananiuliza kwa nini nimemshika mkono. Mbona hakutetemeka wala moyo haukumwenda mbio? Anameza propranololo ya kuzuia mishipa ya koo isipasuke, nayo huzima dalili hizo. Jasho haiwezi kulizima. Kwa hiyo kwa wagonjwa hawa, akichanganyikiwa, kidole kwanza, hukumu baadaye.

Saa 8:00 mchana. Makaratasi.

Saa 9:30 alasiri. Kijana aliyevaa kihisi cha sukari mkononi kwa wiki mbili amerudi. Kinasoma kila dakika 5, na mchoro unaonyesha vilima vitatu vya milo na shimo moja karibu saa 9 usiku, wakati yeye amelala fofofo. Daktari anapunguza insulini ya usiku, mimi nasisitiza mlo mdogo kabla ya kulala. Kwa mwenye sirosisi, kulala na tumbo tupu usiku kucha ni kula misuli yake mwenyewe.

Saa 3:10 usiku. Niko nyumbani, simu inalia. Ujumbe wa mzee:

“Saa mbili baada ya chakula: 12.8. Nimenawa.”