Glasi ya Rose

Jana binti yangu alipanda kiti, akafungua kabati la juu na kushuka na glasi nne za mguu mrefu zilizoviringishwa kwenye gazeti. "Mama, hizi za nani?" Nikamwambia za bibi. Akauliza mbona ziko nne na bibi ni mmoja. Nilikuwa nakuna ganda la limau kwa ajili ya keki. Harufu ile na swali lile vilinijia kwa pamoja, nikaweka kikunio chini.

Ulikuwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2021, jikoni kwa mama. Tulikuwa wanne: mama, mama mdogo, dada na mimi. Kusema kweli usiku ule tulikuwa tunafanya majaribio tu. Siku yenyewe ilikuwa 17 Januari 2022, ambapo Betty White, mwigizaji wa Marekani aliyemwigiza Rose katika The Golden Girls, angetimiza miaka 100, na mama alikuwa ameshatutangazia kwamba haitapita hivi hivi. Wazo la kokteli lilikuwa la dada: keki ya jibini, lakini ya kunywa. Aliyeitazama The Golden Girls, kile kipindi cha vichekesho cha wanawake wanne wa makamo wanaoishi nyumba moja, haulizi kwa nini keki ya jibini. Usingizi ukiwapaa, wanawake wale wanne walikuwa wakikutana jikoni na magauni yao ya kulalia, keki inatolewa kwenye friji, na jambo linalomsumbua mmoja wao linaliwa pamoja nayo, kipande kwa kipande.

Kwa mama kipindi kile hakikuwa cha kuchekea tu. Baba alipofariki, kila mtu alikuwa na ushauri, na ushauri wote ulikuwa mmoja: funga nyumba, uhamie kwa mtoto. Mama alisikiliza, akawashukuru, halafu akawasha runinga. Mle ndani alimwona Blanche, mjane mwenye nyumba kubwa kule Miami, amepangisha vyumba vyake. Rose mjane, Dorothy ameachika baada ya ndoa ya miaka 38, na Sophia, mama yake Dorothy, ameingia siku ile ile ya kwanza kwa kuwa makao ya wazee ya Shady Pines yameungua. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekaa kusubiri kuchukuliwa na watoto. Mama akampigia simu mdogo wake, naye mjane, akamwambia maneno mawili: "Njoo tukae." Mama mdogo akaja na masanduku mawili, na hakuondoka.

Misimu 7, sehemu 180, kuanzia 1985 hadi 1992. Sijui walizirudia mara ngapi. Mama mdogo hakujua Kiingereza, kwa hiyo mama alimtafsiria, na kicheko katika nyumba ile kilikuwa kinakuja mara mbili. Kwanza anacheka mama, halafu kimya kidogo cha kutafsiri, kisha mama mdogo anaangua kicheko wakati kwenye runinga wameshafika mbali. Mama alikuwa Rose, hakuna aliyempinga, kwa sababu naye alikuwa na visa virefu vya watu wa utotoni mwake visivyo na mwisho, kama vile vya Rose na St. Olaf, mji wake wa utotoni. Mama mdogo alikuwa Sophia. Nilipowaambia kwamba Estelle Getty aliyemwigiza Sophia alikuwa mdogo kwa Bea Arthur, "binti" yake, kwa mwaka na ushee, mama mdogo alipiga meza kwa furaha. "Unaona, dada? Mdogo ndiye mama!"

Basi, kokteli. Kijiti cha vanila kilikuwa kimelala ndani ya vodka tangu siku tano nyuma. Biskuti tulizisaga kwa chupa, tukachovya midomo ya glasi kwenye shira, kisha kwenye unga wa biskuti, ili kila anayenywa akutane kwanza na kitako cha keki. Hapo palikwenda vizuri. Kisha dada akatia krimu, jibini laini na vodka ndani ya chupa ya jamu, akakamua limau zima, akafunga na kutikisa.

Alipomimina, kilichotoka hakikuwa kinywaji. Yalikuwa maji yenye vipande vyeupe vinavyoelea, kama maziwa yaliyokatika. Na kweli yalikuwa yamekatika: ukali wa limau ulikuwa umeifanya protini ya krimu ijikusanye, na jibini nalo, kwa kuwa lilitoka kwenye friji likakutana na barafu, lilibaki mabonge. Dada alisimama akiitazama ile glasi, machozi yanamlenga. Alikuwa ametumia mwezi mzima akiandaa jambo hili kwa ajili ya mama.

Mama mdogo ndiye aliyeinuka. Hakusema neno. Akachukua bakuli safi, akaweka jibini, akaipasha shira moto kidogo na kuimimina juu yake taratibu, kijiko baada ya kijiko, huku anasugua kwa mgongo wa mwiko. Bado namwona. Alisugua polepole, kwa duara, mpaka mabonge yakaanza kulegea, yakawa uji, uji ukawa laini ukang'aa. Akashika limau la pili, na badala ya kulikata akalikuna: ganda la njano tu, asifike kwenye nyama nyeupe yenye uchungu. Jiko zima likanukia. "Harufu iko kwenye ganda," akamwambia dada, "ugomvi uko kwenye maji." Akamrudishia mwiko amalizie yeye.

Ilikuwa wakati huo simu ya mama ilipolia. Akaisoma kwa mbali, bila miwani, kisha akaivaa miwani akaisoma tena. "Rose amekufa," akasema. Hakusema Betty White.

Zilikuwa zimebaki siku 17. Estelle Getty alitangulia 2008, Bea Arthur 2009, Rue McClanahan aliyemwigiza Blanche 2010, na miaka yote hiyo mama alikuwa akisema, bado yupo mmoja. Dada aliacha kukoroga. Mama akaweka simu kifudifudi mezani, akavuta kiti.

"Koroga, mwanangu. Itaganda."

Tukatikisa upya, sekunde kumi na tano hivi, mpaka chupa ikaumiza viganja kwa baridi, tukachuja, tukamimina glasi nne. Ya mama ilikuwa na maziwa badala ya vodka, maana yeye pombe hagusi. Hakuna aliyesema neno la kugonganisha glasi. Mama alikunywa, unga wa biskuti ukamshika kwenye mdomo wa juu, akaanza kisa cha utotoni, kile cha mbuzi na harusi. Tulikuwa tunakijua chote. Tulimwacha akifikishe popote alipotaka kukifikisha, na mwaka mpya ulitukuta hapo.

Tuliahidiana kuinywa kila tarehe 17 Januari. Hatujainywa tena. Mara mmoja anaumwa, mara safari, kisha mama akagawa vyombo na glasi zikaja kwangu. Sijui kama ahadi ya namna ile huvunjika au husinzia tu.

Nilimsimulia binti yangu sehemu ya haya. Akafikiri, akauliza, "Na wewe na mama mkubwa mtakaja kukaa pamoja mkizeeka?"

Nilikosa la kumjibu. Nikaziosha glasi zile, nikazipanga dirishani zikauke, nikazipiga picha na kumtumia dada bila maelezo yoyote. Jioni akajibu: "Nakuja Jumamosi. Limau nitalikuna mwenyewe."