Karatasi Moja ya Kura

Tarehe 11 Juni 2004 nilipanga foleni kwenye shule ya msingi ya mtaani kwetu Castleknock, magharibi mwa Dublin, tumbo mbele. Karani alishusha rula kwenye daftari la wapiga kura mpaka jina langu. Kando yake palikuwa na herufi L, yaani kura ya madiwani tu. Jirani yangu, mama wa Kiayalandi, alipewa karatasi tatu: ya madiwani, ya Bunge la Ulaya na ya kura ya maoni. Mimi nilipewa moja tu, ya madiwani. Kule mkaazi huchagua diwani hata kama si raia, lakini haki yake inaishia karibu hapo.

Iliyoniuma ni ile ya kura ya maoni. Waliulizwa kama mtoto wa wageni anayezaliwa Ayalandi aondolewe haki ya kuwa raia papo hapo, na wangu ananipiga mateke pale pale foleni.

Kibandani penseli imefungwa kwa uzi. Huweki alama ya vema. Unaandika 1, 2, 3 kwa jinsi unavyowapenda. Kati ya waliogombea alikuwemo Leo Varadkar, daktari wa miaka 25, baba yake mhamiaji kutoka India. Mwaka 1999, akiwa bado mwanafunzi, aligombea akabwagwa. Mwaka 2003 akaingizwa Halmashauri ya Fingal, ya eneo letu, kujaza kiti kilichoachwa wazi. Safari hii alizoa kura 4,894 za chaguo la kwanza, nyingi kuliko za diwani yeyote nchini. Niliandika nini? Kura ni siri.

Kwenye kura ya maoni, asilimia 79 walikubali. Sheria ilianza kutumika Januari 2005. Binti yangu alizaliwa Agosti 2004, akaponea chupuchupu.

Kwetu Kenya udiwani tuliuona kazi ya kufokewa kuhusu mitaro iliyoziba. Varadkar alitoka huko akawa mbunge 2007, Waziri wa Uchukuzi 2011, wa Afya 2014. Juni 2017 bunge lilimpitisha kwa kura 57 dhidi ya 50 kuwa Taoiseach, yaani waziri mkuu, mtoto wa mhamiaji katika nchi ileile.

Jioni hiyo binti yangu, raia kamili, alinibana sebuleni nimwambie kama nilimpa 1. Nikamtuma akaoshe vyombo.