Gitaa la Besi la Tabora Halisetiwi Dar es Salaam

Wapigaji wenzangu wa besi hapa Tabora, hasa wa kwaya za kanisani, huniuliza mara kwa mara kama ni heri kulipeleka gitaa kwa fundi Dar es Salaam akaliseti kitaalamu, yaani arekebishe shingo, kimo cha nyuzi na usahihi wa noti, au kununua alenki (ufunguo wa pembe sita) na kujifunza kuliseti wenyewe. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mpigaji mwenyewe, wala sisemi hivyo kwa ubahili. Nasema hivyo kwa sababu ya hali ya hewa.

Shingo ya gitaa ni mbao, na mbao hufuata unyevu wa mahali ilipo. Dar es Salaam iko pwani na hewa yake ina unyevunyevu karibu mwaka mzima, ilhali Tabora iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, mvua zake kwa kawaida huanza Novemba na kwisha mnamo Aprili, na ikifika Agosti hewa imekauka mpaka midomo inapasuka. Gitaa lililosetiwa Kariakoo, hata na fundi hodari kiasi gani, limesetiwa kwa hewa ya Kariakoo. Likisafiri kwa treni zaidi ya kilomita 800 na kukaa majuma machache nyumbani kwako Cheyo au Ipuli, shingo itakuwa imesogea, na nyuzi zitaanza ama kukwaruza freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) ama kupanda juu hata vidole viume. Maseremala wetu wa vitanda vya mninga wanalielewa jambo hili kuliko wapigaji wengi, ndiyo maana hawaungi mbao ambayo haijakauka sawasawa. Mji uliotoa bendi za Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz haujawahi kukosa wapigaji, lakini mafundi wa gitaa ninaowafahamu mimi wako pwani, na haiwezekani kuwafuata kila majira yanapobadilika.

Kazi huanzia kwenye nyuzi, kwa kuwa nyuzi zilizochakaa haziwezi kusetiwa zikakubali. Wapo wanaozichemsha ili zirudishe mng'ao wa sauti, na kweli maji ya moto huondoa jasho na uchafu ulionasa ndani ya misokoto yake, lakini hayaondoi michubuko ya freti, na uzi uliochubuka hautoi noti iliyo sawa kutoka mwanzo wa shingo hadi mwisho. Chemsha kwa ajili ya Jumapili moja ukipenda. Kwa kuseti, nunua mpya.

Baada ya kutuni, pima shingo. Nyuzi nne za besi kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 70, na fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo ndiyo inayopingana na mvuto huo. Bana uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza, ubane tena kwenye freti ya mwisho, kisha utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya nane. Hapo ninatumia fila geji ya fundi pikipiki, yaani vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi anavyopangia tapeti za injini, kwa kuwa ina bamba la milimita 0.30, kipimo kinachoifaa besi nyingi. Bamba lipite likiugusa uzi bila kuuinua. Likipwaya, kaza fimbo kwa kuzungusha alenki kuelekea kulia. Likiuinua uzi, legeza kuelekea kushoto. Usivuke robo ya mzunguko kwa mara moja, kisha tuni upya na uiache mbao itulie hadi kesho yake kabla ya kuamua lolote lingine. Fimbo ikigoma, acha, kwa sababu fimbo iliyokatika ndani ya shingo ni gharama inayoweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Kimo cha nyuzi hakina mengi: milimita 2 hadi 2.5 juu ya freti ya 12 zinawatosha wapigaji wengi, na anayepiga kwa nguvu azidishe kidogo.

Usahihi wa noti ndio unaotaka subira. Besi ya kawaida ina nyuzi zenye urefu wa milimita 864 kutoka nati (kile kipande chenye mifereji kwenye kichwa cha shingo) hadi darajani, pale nyuzi zinapoishia kwenye kiwiliwili cha gitaa, na darajani kila uzi hukalia kipande chake cha chuma kinachosogezwa kwa bisibisi. Besi ya Precision ambayo kampuni ya Fender iliitoa mwaka 1951 ilikuwa na vipande viwili tu, nyuzi mbili kwa kipande kimoja, kwa hiyo mpigaji alilazimika kuridhika na usahihi wa kukisia. Sisi wa leo hatuna kisingizio hicho. Gusa uzi bila kuubana juu ya freti ya 12, sikiliza sauti ile nyembamba inayotoka, kisha ubane hapo hapo na ulinganishe. Noti iliyobanwa ikiwa juu, sogeza kipande nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Programu ya kutuni iliyo kwenye simu inaweza kuyumba kwenye uzi wa E ulio wazi, yaani usiobanwa, kwa kuwa unatikisika mara 41 tu kwa sekunde na maikrofoni ndogo hainasi vizuri sauti nzito namna hiyo, lakini sauti nyembamba ya freti ya 12 huinasa bila taabu.

Fundi ana sehemu yake, na ni kosa kumnyima. Mkwaruzo ukitokea kwenye freti chache za mwanzo, lawama ni ya shingo iliyonyooka kupita kiasi, na dawa yake ni alenki. Uzi ukikwaruza freti moja tu, freti hiyo imeinuka au jirani yake imelika, na kusawazisha freti ni kazi ya mtu mwenye vifaa na mkono uliozoea. Mkwaruzo ukitokea uzi ukiwa wazi tu, mfereji wa nati umelika. Mfereji ukichimbwa kupita kiasi haurudi, basi mlipe fundi. Seremala mwenye msasa asikaribishwe kwenye freti, hata akiwa mjomba wako.

Inabaki kazi moja ambayo kwa kawaida ningempa fundi, lakini hapa kwetu nimeiacha nyumbani. Mwezi wa Septemba mbao ya shingo husinyaa upana na chuma hakisinyai, hivyo ncha za freti hujitokeza na kuchubua kiganja. Ukilipeleka gitaa pwani wakati huo, mbao itanyonya unyevu, ncha zitajificha, naye fundi atakuambia kwa haki kabisa kwamba haoni tatizo. Bandika utepe wa karatasi kwenye mbao kando ya kila freti, chukua tupa laini, uishike kwa mshazari, na usugue kidogo kidogo kuelekea chini, hapa hapa Tabora, kabla mvua hazijaanza.