Rochester, mji ulioinunua timu yake

Treni ya New York kwenda Rochester huambaa na Mto Hudson hadi Albany, kisha hukata magharibi kupitia Utica na Syracuse. Ni mwendo wa saa saba hivi. Nilikuwa nakwenda kumsalimu binamu yangu, lakini tangu zamani nilitamani kuuona mji huu kwa sababu ya timu yake ya soka, Rhinos.

Mwaka 1999 Rhinos, timu ya daraja la pili, ilitwaa Kombe la Wazi la Marekani. Iliziondoa Chicago Fire, Dallas Burn na Columbus Crew, kisha ikaichapa Colorado Rapids 2-0 kwenye fainali. Zote nne ni timu za ligi kuu, MLS! Tangu hapo hakuna timu ya nje ya MLS iliyolibeba kombe hilo. Wakati huo Rhinos walikuwa wakicheza katika uwanja wa besiboli wa katikati ya mji, na kwa wastani mashabiki zaidi ya 10,000 walikuwa wakijaa kwenye mechi.

Kwa hiyo nilimwomba binamu anipeleke kwanza kwenye uwanja wa soka uliofunguliwa mwaka 2006 kwa ajili yao. Tuliufikia mchana, ukiwa kimya. Kufikia 2008 wamiliki walikuwa wameshaipoteza klabu kwa madeni. Wakaja wengine, baada ya msimu wa 2017 timu ikasimama, na mwaka 2022 ikarudi kwa jina jipya, mshambuliaji wa Uingereza Jamie Vardy akiwa mmoja wa wamiliki. Machi 2023 ikafungwa kabisa. Iliniuma sana. Klabu iliyozivua nguo timu nne za ligi kuu imekufa kwa kuwa uhai wake ulikuwa mfukoni mwa wachache.

Jioni tukaenda besiboli. Red Wings, timu ya besiboli ya Rochester, wanacheza Triple-A, ngazi moja tu chini ya ligi kuu ya mchezo huo, na jengo refu la Kodak linaonekana nyuma ya uwanja wao. Besiboli sikuwa naijua vizuri, ila babu mmoja aliyekaa karibu nasi alinieleza kila mpira uliorushwa, kwa subira ya mwalimu. Uwanja uko kwenye barabara ya Morrie Silver, na Silver huyo ndiye aliyenifanya niipende timu hii.

Majira ya baridi ya 1956 kuingia 1957, St. Louis Cardinals, klabu ya ligi kuu ya besiboli iliyokuwa ikiimiliki Red Wings, walitaka kuachana nayo. Silver, mfanyabiashara wa mjini hapo, akaongoza kampeni ya kuuza hisa kwa wananchi, kila hisa dola 10. Watu 8,222 walinunua, na timu ikabaki. Binti yake, Naomi Silver, ameiongoza klabu kwa miaka mingi. Hata namba 8222 imestaafishwa kwa heshima ya wanahisa wale, sawa na jezi ya nyota yeyote. Sisi tuliokulia kwenye ubishi wa wanachama na wawekezaji wa Simba na Yanga tunajua uzito wa heshima hiyo.

Babu alitusimulia pia mechi ya mwaka 1981 ambayo Red Wings walicheza ugenini mjini Pawtucket, ndefu kuliko zote katika historia ya besiboli ya kulipwa. Besiboli huchezwa mizunguko tisa; ile ilifika 33. Ilianza usiku wa Aprili 18, ikakatizwa alfajiri mashabiki 19 wakiwa bado wamekaa, na ikamalizwa Juni 23. Cal Ripken Jr. alikuwa upande wa Rochester, Wade Boggs upande wa wenyeji, wote wawili wakaja kuwa nyota wakubwa wa ligi kuu. Pawtucket walishinda 3-2. Lakini timu yao ilihamishiwa mji wa Worcester, nao sasa hawana timu ya besiboli ya ngazi hiyo ya kwenda kuitazama. Rochester walikuwa na mechi nyingine kesho yake, na binamu alikata tiketi kabla hatujatoka uwanjani.