Saa Tatu Iko Upande Gani?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko ndani ya feri ya Likoni. Maji yanatoka, mkondo unavutia bahari kuu. Nahodha ameelekeza pua upande wa bandari, chombo kinakwenda upandeupande, na bado kinafika gatini palepale.

Saa moja, uwanja wa ndege wa Moi. Mwanafunzi wangu wa urubani, kijana wa Likoni, kashatandaza ramani. Malindi iko digrii 30 za dira, kaskazini mashariki. "Basi tutashika 030, mwalimu."

Namuuliza kama feri alipanda au aliogelea. Pua inakotazama ni hedingi; unakopita juu ya ardhi ndiyo traki. Mwezi huu wa sita kusi inapiga kutoka kulia, kwa hiyo kwa kindege chetu cha Cessna pua iwe kama 038. Akaitikia, "Nimeelewa." Wote husema hivyo.

Saa mbili unusu tunaruka. Daftarini naandika 0530, maana urubani hutumia saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Tunaondokea barabara ya kurukia ndege namba 21, yaani inaelekea digrii 210, bila sifuri ya mwisho. Ukija kutoka upande wa pili, barabara ni hiyohiyo ila inaitwa 03.

Kijana akashika 030. Nikanyamaza. Kufika Kilifi, daraja ambalo lilifaa lipite chini ya miguu yetu liko mbali kule kulia, sisi tuko juu ya mashamba. Nikamwambia, "Tazama daraja, saa tatu."

Akageuza shingo kushoto.

Nilikasirika, kisha nikacheka. Marubani huhesabu pande kwa sura ya saa: kumi na mbili ni mbele ya pua, popote pua inapotazama, tatu ni kulia. Lakini kwetu ikiwa saa tatu, mshale mfupi uko kwenye tisa! Kijana hakukosea, Kiswahili changu ndicho kilichompoteza. Tangu hapo nasema "kulia" tu, na za saa tunaziachia Kiingereza cha redioni.

Malindi tukatua, tukarudi. Mchana ni makaratasi na chai.

Jioni ujumbe ukaingia: "Mwalimu, niko ferini. Nahodha anasahihisha digrii ngapi?"

Nikamjibu ahesabu mwenyewe.